Fundi wa Vitanda, Fundi wa Majeneza na Meza Moja

Saa moja asubuhi fundi wa vitanda amepiga magoti chini ya meza ya kazi, anahesabu miguu. Minne. Anaigonga mmoja mmoja kwa kipini cha nyundo kama mtu asiyeamini macho yake, kisha anainuka akijipangusa unga wa mbao kwenye sketi. Kaka yake, fundi wa majeneza, amesimama kando na msumeno mkononi.

"Kaka, nne kugawanya kwa mbili?"

"Mbili. Hata wewe uliyeishia darasa la nne unalijua hilo."

"Haya. Meza ya miguu miwili umewahi kuiona imesimama?"

Kaka anauweka msumeno chini. Hajashindwa, anasema, amepumzisha mkono tu.

Karakana hii waliachiwa na baba yao. Ina urefu wa mita nane, paa la bati na dirisha moja. Kwa miaka kumi na tisa kaka ametengeneza majeneza upande wa mlangoni, dada vitanda kwa ndani. Anayekuja kutafuta kitanda hana budi kupita penye majeneza kwanza.

"Bibi harusi anaingia anacheka na mama mkwe wake," anasimulia dada, mwenye umri wa miaka hamsini na minane. "Akifika pale, kicheko kinakatika. Mama mkwe anamvuta mkono, 'Twende mwanangu, tutarudi.' Hao hurudi tena?"

Mwaka juzi alikuwa akitoa vitanda tisa kwa mwezi. Mwezi uliopita vilitoka vitatu. Ndiyo maana wamekubaliana kusimamisha ukuta wa mbao katikati na kutoboa mlango wa pili.

Ukuta hauna ugomvi. Ugomvi ni meza. Ina urefu wa mita nne, uso wake ni ubao mmoja mgumu ambao baba yao aliupiga randa kwa mkono wake. Kaka anataka ikatwe, kila mtu achukue nusu yake, mambo yaishe. Dada hataki hata kusikia. Ubavu wa kitanda una mita mbili na robo. Ukiulaza kwenye meza fupi kuliko wenyewe, ncha inaning'inia na randa inauchimba.

"Akiikata, mimi sina kazi," anasema kwa sauti ya chini, ili kaka asisikie. Kaka anasikia.

Kugawanya kulianza kumsumbua dada mapema. Kazi yake ya kwanza ya peke yake ilikuwa rafu za duka la dawa: ubao wa mita nne, vipande vinane. Alipiga hesabu ukutani kwa chaki, akapata sentimita hamsini hamsini, akapima na kukata kipande kimoja kimoja. Kipande cha mwisho kilipungua sentimita mbili. Kikawekwa hivyo hivyo, na chupa za dawa ya kikohozi zikateremka nacho.

"Baba hakunigombeza. Aliniambia nizoe unga uliodondoka chini ya msumeno. Nikauzoa, ukajaa kopo. Akasema, 'Sentimita zako mbili hizo hapo.'" Anacheka mpaka anafuta macho. "Kwenye daftari namba haimwagi unga, mwanangu."

Tangu siku hiyo amekuwa mdadisi wa jambo hili moja. Ubao, anaeleza, una maswali mawili yanayofanana kwa sura. Unaweza kuuliza: watu wanne wakigawana ubao huu, kila mmoja atapata kipande kirefu kiasi gani? Au: kipande kirefu kama huu mkono wangu kitatoka mara ngapi? Swali la kwanza humaliza ubao wote. La pili hubakiza kijipande, nacho hukaa chini ya dirisha kikingoja kuwa mguu wa kigoda.

Bintiye ni muuguzi. Siku moja alimfunga kidole kilichokatwa na patasi, akamweleza kwamba kidonda hufunga kwa sababu chembe za mwilini hugawanyika, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne.

"Nilimwambia anidanganye taratibu. Sisi tukigawana tunapungua, zenyewe zikigawanyika zinaongezeka? Juma zima sikulala vizuri, nakiangalia kidole tu."

Mchana ukuta unafika kwenye meza. Kaka ameshika ubao wa mwisho, unagota usoni mwa meza na hauendi chini. Anauchukua msumeno. Dada anaweka kiganja palipotakiwa kukatwa.

"Kata ubao wa ukuta, kaka. Uache meza ipite."

"Ipite wapi?"

"Katikati. Miguu miwili kwako, miwili kwangu."

Kaka anakuna kidevu. Anazunguka kwenda upande wa pili, anarudi, anazunguka tena. Halafu anakata ubao wa ukuta, siyo meza, na kulipanua tundu kiasi cha mbavu za kitanda kupita.

Saa kumi dada analaza ubavu wa kwanza. Ncha inatokea upande wa majeneza.

"Shika huko!"

"Nimeshika, wewe piga randa, acha kelele."

Atalishonea tundu pazia zito, ili bibi harusi asichungulie. Mwezi ujao anatarajia kufikisha vitanda sita, na anamwomba kaka amwombee wateja.

"Wako nitakuombea," kaka anajibu nyuma ya ukuta. "Ila wangu, dada, usiniombee."