Niende kumzika dada kule Idodi, au nibaki na mwanangu aliyefukiwa machimboni?

Admin naomba unifichie jina, maana Rujewa hii nani hanijui! Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane. Shule yangu ni darasa la saba, lakini nimelea watoto ambao wenye digrii wananionea wivu. Sijisifu, ulizeni. Huyu wa mwisho ndiye kiboko: mrefu, meno meupe, mcheshi. Alienda Chunya kuchimba dhahabu akaniezekea nyumba kwa bati jekundu. Nilikuwa natembea mtaani kama mke wa mkuu wa mkoa!

Mwaka jana duara, lile shimo la dhahabu walilokuwa wanachimba, likaporomoka. Wenzake wawili walifia chini, yeye akatolewa kwenye kifusi akiwa hai. Nilipigiwa vigelegele, nikachinja na mbuzi. Kumbe nimepokea mwili tu, jamani.

Hawezi kukaa chumba kilichofungwa, milango yote ya ndani nimeing'oa. Akisikia koleo linakwangua mchanga anajikojolea, mwanaume mzima. Siku moja nilimwacha kidogo nikaenda mashine kukoboa mpunga. Narudi, namkuta amepiga magoti sebuleni anachimba sakafu kwa kucha, vidole vinatoka damu. "Mama nisaidie, wanagonga, bado wako hai!" Ndugu zangu, nilipiga magoti nikachimba naye. Ningefanyaje? Ndipo akatulia.

Tangu hapo sitoki. Na huku kwetu mtu anapimwa kwa misiba. Mimi ndiye nilikuwa naongoza masufuria, wali wangu wa msibani haujawahi kuungua wala kukutwa na jiwe. Sasa misiba inapita sionekani. Makaburini kuna makoleo, siwezi kwenda naye, na siwezi kumwacha. Jirani akasema makusudi nisikie, "Huyo anajifanya ana mgonjwa, akifa atajizika mwenyewe." Nikamjibu, "Nitajizika shoga yangu, na wali nitapika mwenyewe, wewe njoo tu na mdomo wako." Watu wakacheka. Nilipoingia ndani nililia mpaka nikatapika.

Nimekonda, nina presha, sahani ikidondoka naruka kama yeye. Hospitali wananiuliza, "Kijana anaendeleaje?" Mama mtu je, nani anamuuliza? Juzi nilimwangalia amesinzia mchana nikawaza, bora wasingemtoa kule. Mimi mama yake! Nimetubu, lakini hilo wazo linarudi.

Sasa leo kaka kapiga simu kutoka Idodi, kule Iringa. Dada yetu mkubwa, aliyenilea mama alipofariki nikiwa mdogo, ametutoka. Mazishi ni kesho mchana. Kaka anasema, "Mdogo wangu, usipokuja kumtupia dada udongo, usinihesabu ndugu."

Nikamwambia nitakuja na kijana.

"Uje na kichaa atuvurugie mazishi? Mfungie ndani!"

Simu yangu ina sauti kubwa, mwanangu alisikia yote. Akasema polepole, "Nenda mama. Nifungie tu, nitajikaza." Huku mikono kaibana katikati ya magoti.

Gari la Iringa linapita alfajiri. Nguo nimezipanga, nimezipangua, nimezipanga tena. Ninyi wenzangu mnaouguza watu wa namna hii, mkifiwa mnawaacha na nani? Msinitukane, sina nguvu ya matusi leo. Niambieni tu kabla hakujapambazuka: niende, au nibaki?