Sanda ya Mama na Gari la Sinema

Siku ya kwanza nilifika kazini na sinia la vitumbua kichwani. Ukumbi wa maigizo ulikuwa Chumbageni, mjini, umeezekwa bati, mabenchi ya kuazima. Miaka ya hamsini hiyo. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, na ndoto nilizokuwa nazo zilizidi vitumbua vya kwenye sinia. Mwalimu wa Kikundi, ambaye asubuhi alifundisha hesabu na jioni michezo, alinitazama.

"Binti, unajua kulia?"

"Najua, Mwalimu."

"Haya, lia."

"Nimlilie nani?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mpokeeni sinia," akasema. "Huyu ni wetu."

Enzi hizo, wajukuu zangu, wanawake wa jukwaani walikuwa wanaume. Bibi harusi wetu alikuwa Bakari fundi baiskeli, ndimu mbili kifuani, na moja ikidondoka watu walishangilia kuliko mchezo wenyewe. Aliponikabidhi kanga zake aliniambia, "Nakuachia na mume, dada. Anakoroma."

Mwalimu alinifundisha kutowapa watu mgongo, na kupeleka sauti hadi kwa muuza kahawa aliyeketi nje ya mlango. Asiponisikia yeye, tulirudia.

Mama yangu, mjane wa Pongwe, alikubali kwa shingo upande. "Nenda," alisema, "ila usinitie aibu. Radhi yangu ni moja, ikivunjika haiungwi." Kwetu mtoto asiye na radhi ya mama hata akila hashibi. Nikamwahidi huku nacheka. Nilikuwa mtu wa kucheka.

Ndipo akaja Bwana Picha, mzungu mwenye Kiswahili cha bara, akitafuta mwanamke wa kuigiza kwenye sinema ya kufundisha watu kuchemsha maji. Nikawa mama kijana anayekataa kuchemsha, akaugua, akafa. Kazi ya kamera ina adabu zake. Kanga niliyoanza nayo niliivaa siku zote tisa bila kuifua, maana ikibadilika rangi, mtazamaji ataona umebadili nguo huku unaongea. Na picha zetu zilikuwa bubu. Msemaji alisimama kwenye gari lililozungusha sinema vijijini, na kipaza sauti, akatusemea wote, hata mimi. Sauti yangu ya sinema ilikuwa ya mwanamume mwenye kikohozi.

Siku ya kufa, Bwana Picha alileta shuka lenye mistari ya buluu. Wazee waliokuja kuigiza waombolezaji wakacheka hadi wakashika mbavu. "Maiti gani huyo? Anahamia hotelini?"

Bwana Picha akaona haya. "Nani ana nguo ya kweli?"

Nilitaka sinema ile iwe nzuri kuliko kitu chochote duniani. Nikasema, "Mimi."

Mama alikuwa na sanda yake sandukuni. Bafta hiyo nyeupe kaka yake aliitoa Makka, imechovywa maji ya Zamzam, na kila mwaka mama aliianika juani, akaikunja, akairudisha kungoja siku yake. Kitasa cha sanduku kilikuwa kimeitia alama ya kutu pembeni, ndogo kama tende. Nikaichukua mama akiwa shamba. Nikafunikwa, nikapumua kwa mgongo ili kifua kisipande, wazee wakalia kweli. Kisha nikaikunja vilevile, nikaifukiza udi, nikairudisha. Nani atajua?

Gari la sinema likaanza kuzunguka, nami nikapewa kazi nyingine. Kule Mkwaja wanawake walikuwa wameleta mchele wa matanga yangu, basi kila picha ikiisha nilipanda juu ya gari nikapiga kelele, "Mimi mzima!"

Tukafika Pongwe. Mama aliketi mbele, mkekani, na jirani yake Bi Tatu. Nilipotokea pichani alisema kwa sauti, "Huyo wangu!" Nikamsikia, moyo ukanijaa. Mara nikaletwa kitandani, nimefunikwa. Kwenye kile kitambaa cheupe cha sinema, ile tende ya kutu ilikuwa kubwa kama beseni.

Nilipanda garini. "Mimi mzima!" Watu wakapiga makofi. Pale mkekani alibaki Bi Tatu peke yake.

Asubuhi nilimkuta mama kaitandaza sanda kitandani.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Ungeniomba," alisema, "ningekununulia nyingine."

"Ulikuwa mchezo tu, mama."

"Sanda haichezewi. Ikishavaliwa ina mwenyewe. Ichukue. Mimi nitazikwa kwa nguo ya majirani."

Akakaa matanga siku tatu. Bi Tatu alimwambia, "Jamani, si huyo mwanao barazani?" Mama akajibu bila kugeuka, "Wangu mlimwona akifunikwa."

Niliendelea na kazi. Sikuwa na nyingine. Nikacheza malkia, mchawi, mke mwenza, katika kumbi za mjini na kambi za mashamba ya katani. Kila nikirudi Pongwe nilisimama mlangoni nikasema shikamoo, na mlango ukanijibu kwa kimya. Siku moja nikiwa kambini, tumemaliza mchezo watu wanacheka, nikaletewa habari ya mama. Nilifika kaburi limekwisha mwagiwa maji.

"Aliniachia neno?" nilimuuliza Bi Tatu.

Aliuvingirisha upindo wa kanga yake kidoleni, akaufungua, akauvingirisha tena. "Usiniulize, mwanangu."

Sikumuuliza tena, naye amekwenda nalo.

Leo nimestaafu, magoti yamekataa. Sinema ile sijui iko wapi. Hakuna hata mtu mmoja mtaani aliyeiona. Bafta ninayo. Kila mwaka naianika juani, naikunja, naisogeza mbali na kitasa, kana kwamba bado kuna cha kuokoa. Kuivaa siku yangu nitaona haya, kuitupa siwezi.

Vijana wa vikundi huja. "Shikamoo, bibi. Tufundishe kufa." Marahaba nawaitikia upesi, hata wawe kumi, kila mmoja na yake. Kisha nalala mkekani nawaonyesha: pumzi mgongoni, taya limelegea kidogo, vidole visijikaze. Wanasema hakuna afaye kama mimi.

Wakitaka kunifunika, nawashika mkono kwanza. "Nguo hii," nawauliza, "mmemwomba nani?"