Nilificha jina la mjomba, wakamjua kwa pampu

Admin, nifichie jina na kijiji usitaje. Mimi ni dada wa miaka 29, nasomea shahada ya pili. Kwetu ni wakulima wa mtoni, si mbali na Garsen. Mjomba aliyenilea leo ana mkono mmoja kwa sababu yangu.

Utafiti wangu ni wa programu ya simu inayomkutanisha mkulima mmoja na mfugaji mmoja wajadiliane bila majina. Niliwaapia kijiji kizima kwamba hakuna mwingine atakayeona maneno yao. Mjadala ulikuwa malka, njia ya ng'ombe kushuka mtoni kunywa maji. Barazani mjomba aliitikia na wenzake kwamba ifungwe. Kwenye programu akaandika: "Malka ipite kwangu, hapo kwa pampu ilozama. Ng'ombe akinywa, mto utaisha? Mimi nimechoka kuzika watu." Nilivyosoma nililia.

Kwenye kongamano Mombasa nikayaweka maneno hayo ukutani, makubwa, bila jina. Wasomi wakapiga makofi, nami kichwa kikavimba. Mjinga mimi! Kwetu pampu iliyozama ni moja tu, na hata mtoto anajua ni ya nani. Mtu akapiga picha, akaikata yakabaki maneno peke yake, bila dalili ya kongamano. Kufika jioni yalikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kijiji.

Siku ya tatu asubuhi, vijana wetu wenyewe, si wafugaji, walimkuta mjomba akipalilia migomba. Panga lililenga kichwa, akajikinga, likaondoka na mkono chini ya kiwiko. Wakaukanyagia matopeni wakimwita msaliti, wakampiga mateke ya mbavu mpaka akatapika damu. Aliyewakimbiza kwa fimbo ni Godana (si jina lake), yule mfugaji aliyekuwa akijadiliana naye, ambaye walikuja kujuana wakawa marafiki. Alimfunga kwa shuka lake, akampakia kwenye pikipiki hadi hospitali.

Sasa binamu zangu, wana wa mjomba, wameshika kwamba Godana ndiye aliyeyatoa maneno. "Waliyaona wawili tu," mkubwa wao akaniambia huku ananoa panga. "Ijumaa akileta ng'ombe kunywa, tunamkata pale pale malkani. Na tukijua kuna mwenzake, huyo pia." Nikaitikia kwa kichwa. Naona aibu hata kuandika hili.

Mjomba mwenyewe hataki kuamini. "Godana hawezi, mwanangu. Na wewe ulituapia. Basi ni nani?" Godana anamletea maziwa hospitalini kila asubuhi, na mimi ndiye ninayemshikia kikombe.

Nikikiri, panga ni langu. Nikienda polisi, mjomba atabaki bila mkono na bila watoto. Nikinyamaza, Godana anakufa Ijumaa, na leo ni Jumatano. Jana nilipokuwa nikimlisha uji, mjomba aliniambia, "Sasa mkono wangu ni wewe."

Nishaurini ndugu zangu, hili nalisemaje, na nianze kwa nani?