Kibuyu Kisicho na Dawa

Nilipokuwa mtoto pale Ihanja, shamba letu la viazi vitamu halikuwa na uzio. Lilikuwa na kibuyu. Kilining'inia kwenye mti mkavu katikati ya matuta, kimefungwa kitambaa chekundu, na kila mtu alijua maana yake: ukichimba kiazi kisicho chako, tumbo litavimba mpaka mwenye shamba akutegue. Babu ndiye aliyekitundika, kabla mimi sijazaliwa.

Baba alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa, alikishusha, akaimwaga dawa yote chooni, akakisuuza. Mimi nilimshikia maji. Halafu, cha ajabu, akaenda kukirudisha palepale mtini. Bibi, mama yake, alikuwa anapepeta mtama. Akamuuliza kwa Kinyaturu, maana mambo mazito hakuyasema kwa Kiswahili, anakirudisha cha nini.

"Kitupu hicho, mama," baba akajibu. "Kinatisha wezi tu, hakina dhambi."

"Kama huamini tena, kiondoe chote. Ukiacha ganda, litasema uongo kila siku, na uongo huo ni wako. Nao utakuja kumla mtu."

Baba akacheka. Bibi hakuwa amebatizwa, Biblia hakujua hata inafunguliwa upande gani, halafu yeye ndiye wa kumfundisha mzee wa kanisa uongo ni nini? Kila Jumapili baba alisimama mbele akatuambia kwamba wema unatoka kwa Mungu. Jumatatu viazi vyake vililindwa na kibuyu.

Msimu uliofuata mvua zikatutupa. Anjela, binti wa jirani yetu mjane, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa anakuja shule na tumbo tupu, na wala halalamiki. Mimi nikimgawia kipande cha kiazi, alikila mpaka ganda. Kisha akaacha kuja.

Asubuhi moja mama yake akatokea kwetu na Anjela mgongoni, msichana mkubwa vile, miguu inaburuza. Tumbo lilikuwa limejaa, limekaza. Mama Anjela akamlaza kwenye mkeka, akapiga magoti mbele ya baba.

"Shikamoo, mzee. Mtoto amekosa. Njaa ilimzidi, akachimba viazi vyako. Amekiri mwenyewe. Nakuomba umtegue."

"Marahaba. Mpeleke hospitali, mama Anjela. Huyu anaumwa."

"Hospitali? Wampige sindano na mtego wako uko tumboni?"

Hilo nalo lilijulikana na wote: aliyenaswa na mtego akichomwa sindano anakufa papo hapo. Kwanza ateguliwe, daktari baadaye.

"Nitategua nini nisichokitega?" baba akasema. "Kibuyu hakina kitu. Dawa niliimwaga zamani."

"Sasa mbona bado kinaning'inia?"

Baba akaondoka mbio mpaka shambani, akarudi nacho, akakigeuza mdomo chini. Hakikutoka kitu. Mama Anjela akawa haangalii kibuyu, anamwangalia yeye usoni.

"Unaninyima msamaha kwa ajili ya viazi, mzee."

Basi baba akapandwa na hasira, au hofu, sijui. Akakipasua kwenye jiwe la kusagia. Alidhani sasa ataamini. Kumbe alizidisha, kwa sababu mtego uliovunjiwa chombo chake hauna wa kuutegua tena. Mama Anjela aliviangalia vile vipande, akasema taratibu, "Umemfunga mwanangu." Akambeba, akaondoka kwenda kwa mganga wa kijiji cha pili.

Bibi aliutupa ungo aliokuwa ameushika, akamfuata, mzee vile, pekupeku. Alimbembeleza njia nzima waende hospitali. Mama Anjela alikubali baada ya yule mganga kukataa kumgusa mtoto, na wakati huo jua limeshapinduka. Lori la vitunguu likawachukua mpaka Singida mjini. Anjela alifariki wakati wanamwandaa kumpasua. Daktari alimwambia bibi kwamba utumbo ulikuwa umejisokota, hauhusiani na viazi vya mtu, na kwamba angeletwa asubuhi pengine angepona.

Nilimchukia baba. Nasema wazi, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema mtoto hawezi kumchukia mzazi wake.

Siku hizi nafundisha watoto wa kipaimara huku Mwankoko. Majuzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, watu wa zamani kabla hawajaletewa Biblia, nani aliwaambia uongo ni dhambi?" Nikamjibu inavyotakiwa, kwamba Mungu aliiandika sheria yake ndani ya mioyo ya watu tangu mwanzo. Naliamini hilo, wala si kwa kukariri. Mungu alisema na baba yangu mchana kweupe, kwa Kinyaturu, kwa kinywa cha mwanamke asiyejua hata kumwita kwa jina. Baba alikuwa anamsubiri Jumapili. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hakumwamini Mungu huyohuyo aliye ndani ya majirani zake. Angewaamini, mama Anjela angekuja kuomba viazi mapema, na asingehitaji kupiga magoti.

Matanga yalipokwisha, mama Anjela alikuja tena, kikapu cha viazi kichwani, amemshika mkono mwanawe mdogo. Alivipata wapi katika njaa ile, sikuwahi kujua. Akakitua miguuni pa baba.

"Viazi vyako, mzee."

"Mama, mimi sikudai kitu. Nakuomba, rudi navyo ule na mtoto."

"Pokea tu," akasema, macho chini. "Nimebakiwa na huyu mmoja."

Baba akapokea. Angekataa, yule mwanamke asingepata usingizi tena. Jioni bibi alivipika, akavitenga mbele yetu. Baba aliinamisha kichwa ashukuru kama kawaida yake, tukafumba macho, tukangoja. Hakusema neno. Nilipofumbua macho, mvuke ulikuwa umeisha kwenye sinia, na bibi ameanza kutumenyea.