Msingi wa Mawe ya Mistari

Gélase alimnyang'anya Concilie nyumba, na Concilie ni mjane wa kaka yake. Mwaka 1996, vita vilipofika Kinama, mtaa wa Bujumbura, na Méthode mumewe akauawa, Concilie alikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka huko Kongo, mikono mitupu. Aliporudi baada ya miaka sita alimkuta shemeji yake barazani, mguu juu ya mguu, akiwaambia majirani wapya kwamba nyumba ile aliijenga yeye kwa lori zake za mawe ya itale, kwenye kiwanja kilichobaki majivu.

Kuta ziliungua kweli. Msingi haukuungua. Huo Concilie aliujenga mwenyewe viangazi viwili kabla ya vita, akibeba mawe ya mistari kichwani kutoka mto Ntahangwa. Nywele za utosini hazijaota vizuri hadi leo.

Akaenda kwa bashingantahe, wazee wa mtaa wanaokata kesi. Karatasi hakuwa nayo, majirani wa zamani walikuwa wametawanyika.

"Jiwe ni jiwe, shemeji," Gélase akacheka. "Au ya kwako uliandika jina?"

"Apana. Bandueni lipu ya msingi. Kama ni itale tupu, mi narudi Uvira."

Walianza nyuma, kwenye chumba alichoongeza Gélase. Ilikuwa itale, madoa meusi, meupe na ya waridi, yametawanyika bila mpango. Mbele wakakuta mawe ya mistari, myeupe na myeusi, iliyolala sambamba kama mikunjo ya kitenge.

Mzee Sylvère, aliyewahi kufundisha shule, akaeleza kwamba itale ilizaliwa na moto. Iliyeyuka kama uji, ikapoa polepole chini ya ardhi, kila punje ikakaa ilipoangukia. Lile lingine lilikuwa jiwe tayari. Lilibanwa na kupashwa moto chini ya milima, lisiyeyuke, mpaka likageuka na kujipanga mistari.

Concilie hakuyasoma hayo popote. Aliyajua kwa nyundo. Itale hupasuka inakotaka. Jiwe la mistari hufuata mistari yake, na ukilisimamisha ukutani litabanduka, kwa hiyo hulazwa. Alichoka kusimama; ili shaka iishe, akawaambia wabandue na kona ya mlango.

"Yote nililaza," akasema. "Hapo kuna moja nililisimamisha. Siku hiyo mimba ilikuwa imetoka, sikuwa na nguvu ya kuligeuza."

Wakabandua. Jiwe lilikuwepo, wima, limeachana maganda kama kitunguu.

Wazee wakaamua kwamba vyumba vya mbele ni vya Concilie. Gélase akaleta pombe, maana kwa desturi waliogombana hunywa pamoja ili maneno yaishe. Concilie hakuigusa. Alitaka kwanza shemeji yake aseme mbele ya majirani walewale kwamba aliwadanganya. Gélase akaendelea kumimina pombe. Wazee wakamsihi mama anywe tu, nchi imechoka na magomvi. Yeye alichoka kuliko nchi. Akajifunga kitenge, akaingia ndani kufagia.

Sasa wanaishi ukuta kwa ukuta, yeye mbele, shemeji nyuma. Asubuhi wanasalimiana kwa sababu kisima ni kimoja. Gélase bado hajamwambia mtu yeyote kwamba msingi ule ulijengwa na mikono ya Concilie. Na wazee, walioimaliza pombe ile wenyewe, bado hawajamwita aseme.