Siku Bibi Alipoambiwa Asogee

Wiki iliyopita nilipanda mlimani kumzika bibi. Naandika kwa sababu kwa mdomo nilishindwa, na wewe unayesoma nakuona kama rafiki wa zamani, hutanikatiza.

Asubuhi ya mazishi mjomba aliingia chumba walichokaa wanawake, anatafuta picha ya marehemu ya kubeba mbele ya jeneza.

"Hapa kila Jumapili palijaa kamera," akasema. "Leo mnaniambia hamna hata moja?"

"Mama yako naye alikuwa anazikimbia," jirani akajibu. "Akiona kamera tu, huyo, kashateremka."

Wenzake wakaitikia, kweli, kweli. Mimi nikaangalia mkeka.

Bibi hakuzikimbia.

Nilikaa kwake mpaka nilipomaliza darasa la tano. Nyumba iko chini kidogo ya maporomoko ya maji, na matuta yake ya karoti yalishuka hadi karibu na maji. Jumapili mchana tulipanda nazo hadi maporomokoni, kuziosha kwa ajili ya soko la Jumatatu. Bibi alikaa kwenye jiwe bapa, miguu ndani ya maji, akizisugua kwa kipande cha gunia. Mimi nilitafuna zile nyembamba, zina baridi mpaka meno yanauma. Alisema watu wa mjini hawataki kuona udongo, utadhani karoti inaota dukani.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ikajaa mjini, na filamu za rangi zikauzwa mpaka kwenye vibanda. Watu wa Kihonda, kule mjini, wakitoka kanisani wanapanda kupiga picha na maporomoko. Idd ndiyo usiseme. Wapiga picha walipanga mstari juu ya mawe, wanasukumana.

"Wewe, toka, unanizibia maji."

"Maji ya baba yako?"

Jumapili moja mmoja wao, mwenye kofia nyeupe, akaniita. "Mtoto mzuri, mwambie bibi yako asogee. Anatuharibia picha."

Nilikuwa mtoto wa aibu sana, hata dukani nilinong'ona. Hakuna mgeni aliyewahi kuniita mtoto mzuri. Nikaenda, nikasema kwa sauti ili anisikie, "Bibi, sogea, unaharibu picha."

Bibi akawatazama wale watu, kisha akanitazama mimi.

"Haya, mama."

Akazirudisha karoti kwenye beseni, nyingine bado zina udongo, akajitwika. Alipopita mbele yao kila mmoja alimwamkia, shikamoo bibi, shikamoo bibi, kwa adabu kabisa, na yeye akamwitikia kila mmoja marahaba. Akaenda kuoshea chini kwenye migomba, ambako maji ni ya kahawia. Tangu siku ile hakupanda tena juu. Mimi siku ile sikumfuata. Nilibaki kwenye jiwe lake, nikapigwa picha.

Picha tatu za namna hiyo, mimi juu ya jiwe na yeye hayumo, nilikuwa nazo kwenye begi siku ya mazishi. Sikuzitoa. Mjomba aliandika jina la bibi kwa rangi nyeupe kwenye msalaba, binamu yangu akaubeba mbele, bila fremu ya picha. Tuliporudi tulipewa wali na maharage. Nilikula, nikaongeza.

Sasa hivi maporomokoni hakuna mtu. Wapiga picha wamehamia mjini, na studio iliyo karibu na kwa shangazi ninakokaa, hapa Kilakala, ina pazia lililochorwa maji yanayoanguka. Unasimama mbele yake, hulowi. Matuta ya karoti yameota majani. Nimejaribu kulia, hakuna kinachotoka.

Mjomba atapita hapa Jumamosi. Hataniuliza tena habari ya picha, ameshaamini kwamba mama yake alikuwa anakimbia kamera. Siku ya mazishi nilimsikia akiwasimulia wageni, anacheka kidogo. Watoto watakaozaliwa wataambiwa hivyo hivyo, na mimi nitakuwa nimekaa hapohapo, nikitikisa kichwa kukubali.