Miguu Yangu Juu ya Kiti cha Bi Harusi

Naona haya kulisema, lakini mji mzima wa Amu wamelisema kabla yangu, basi nilieleze mwenyewe: miguu yangu miwili, na povu la sabuni, ilining'inia kwenye dari ya ukumbi uliojaa wanawake, sawasawa juu ya binti yangu Fatma aliyekaa kwenye kiti chake cha bi harusi, na huku juu, chooni, mimi nimekwama mapajani, bega langu limezuia beseni kubwa la kuogea lililojaa maji, linanielemea, na najua nikilegea tu linamshukia mwanangu.

"Maguu haya ni ya nani?" akauliza Bi Maryamu, mamake bwana harusi.

"Ya mume wangu," nikamsikia mke wangu akijibu kwa sauti ndogo (afadhali angesema hayajui).

Aliyenifikisha hapo ni Kassim fundi, binamu wa mke wangu. Nyumba yetu ni ya mawe, ya mababu, na kwa desturi yetu bwana harusi huja kukaa kwa mkewe, kwa hivyo nikataka choo cha juu kipendeze. Kilikuwa na birika la chokaa la maji ya kuoga kwenye kona, limeketi juu ya ukuta wa chini, na visamaki vyake vya kula viluwiluwi vya mbu. Kassim akacheka, "Shemeji, mkweo ataoga na samaki?" Akalivunja, visamaki akanitilia kwenye ndoo, akaleta beseni lililotolewa hotelini, akaliweka katikati ya sakafu, na bomba la maji machafu lilipokosa ndia ya kupita, akakata boriti inayobeba sakafu. Nilimuuliza. Akasema, "Boriti ziko nyingi, moja haitajulikana."

Siku ya wanawake kuja kumtazama bi harusi, sisi wanaume hutoka. Nami nilikuwa natoka, wallahi, ila nikasema ngoja nilijaribu beseni mara moja tu kabla halijawa la mkwe. Mara nasikia ngoma chini, kumbe wamekuja mapema, nikatoka majini mbio, nikakanyaga sakafu, ikaniitikia kraaa!

"Mtoeni Fatma!" napiga kelele, na wao wanacheka, mmoja anasema, "Baba mtu amekuja kumtunza bi harusi pesa kwa ndia ya darini!" Beseni linateleza, namwita mwanangu kwa jina, ngoma zinanimeza. Bi harusi hainui macho; chokaa ilipomwangukia mapajani ndipo Fatma alipotazama juu, akaruka. Nikalegea, sakafu ikapasuka zaidi kando yangu, beseni likashuka. Kiti kikawa vipande.

Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Lakini Kassim anakaa gatini, pale mashua zinapofunga, akiwaambia watu eti nilikuwa nikirukaruka humo besenini kama mtoto, na Bi Maryamu amesema mwanawe haingii nyumba yenye baba mkwe kichaa. Nikahi ilikwisha fungwa, Fatma ni mke wa mtu, na bado analala chumba cha mamake.

Beseni mimi basi, nitaoga kwa kuchota na kata mpaka nizikwe. Lakini kile kipande cha boriti ninacho, Kassim, na meno ya msumeno wako yanaonekana. Njoo ukishike mkononi mbele ya Bi Maryamu, umwambie nani alikikata.